Hosteli, chumba cha mtaani au nyumba ya kuchangia? Ulinganisho kwa mwanafunzi anayetafuta makazi Mbeya

Nilipofika Mbeya mwaka wa kwanza nikitokea Sumbawanga, nilipanga chumba mwezi wa kumi, na mwisho wa mwezi wa pili nikawa nimeshakihama. Kilikuwa chumba kizuri machoni: kuta za rangi ya krimu, sakafu ya simenti inang'aa, dirisha lina grili, na kutoka pale hadi geti la chuo ni dakika saba kwa mguu. Nilikiona saa moja jioni kwa tochi ya simu, dalali akiwa amesimama mlangoni ananiambia kuna mwenzangu mwingine anakuja kukilipia kesho asubuhi. Nikalipa kodi ya miezi sita taslimu, na ya mwezi mmoja nikampa yeye.

Mvua za Desemba zilipokolea, ukuta wa upande wa kitanda ukaanza kutoka jasho. Godoro likapata madoa meusi kwa chini, notsi nilizoziweka uvunguni zikagandana kurasa, nami nikawa nakohoa kila usiku. Siku niliyovuta kitanda mchana na kufungua dirisha ndipo nilipoona nilichotakiwa kukiona Oktoba. Ule ukuta ulikuwa na rangi mbili. Kuanzia sakafuni hadi usawa wa goti rangi ni mpya, kutoka hapo kwenda juu ni ya zamani, na zimepishana kidogo sana. Mtu alipaka pale tu palipoliwa na unyevu msimu uliopita. Kodi iliyobaki sikurudishiwa.

Baada ya hapo nikaingia hosteli binafsi, mwaka wa pili nikahamia nyumba tuliyochangia watu watano, kisha nikarudi chumba cha mtaani na ndicho nilichokaa hadi namaliza. Kwa hiyo yote matatu nimeyaishi. Kila mwaka wadogo zangu wa nyumbani wananipigia simu kuniuliza lipi ni bora, na jibu langu limekuwa lilelile: inategemea ni mwezi gani unatafuta. Nitaeleza kwa nini.

Makazi yenyewe

Mifano yangu mingi inatoka Iyunga na Ikuti, kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), kwa kuwa ndiko nilikoishi. Anayesoma TEKU pale Block T, au chuo kingine cha ndani ya jiji, abadilishe majina ya mitaa tu. Hesabu na vipimo vinabaki hivyo hivyo.

Hosteli binafsi ni jengo la mtu nje ya uzio wa chuo. Hulipii chumba, unalipia kitanda, na mnalala wawili, watatu hadi wanne. Mara nyingi kuna mlinzi, na za wasichana zina matroni.

Chumba cha mtaani ni chumba kimoja ndani ya nyumba ya familia au nyumba yenye wapangaji mchanganyiko. Choo na bafu viko uani, mnachangia. Ukiwa na uwezo zaidi unatafuta chumba self, chenye choo chake ndani.

Nyumba ya kuchangia ni ile yenye vyumba vitatu na sebule, mnaipanga wanafunzi wanne au watano. Karibu na geti hizi ni adimu na bei yake haishikiki, kwa hiyo wengi wanaipata mbali kidogo: Nzovwe na Kalobe kwa upande wa mjini, au Iwambi ukielekea Mbalizi.

Usihesabu kwa mwezi

Watu wanalinganisha kodi ya mwezi, na hapo ndipo wanapopotea. Mwanafunzi hakai Mbeya miezi kumi na miwili. Chuo kinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja, kinafungwa mwezi wa saba au wa nane. Ukiondoa na likizo fupi ya katikati, unalala kwenye kile chumba miezi kama tisa. Baada ya mitihani ya muhula wa pili wanafunzi wengi wanakwenda fildi, yaani mafunzo ya vitendo, tena mkoa mwingine, ambako wanalipia malazi mengine. Mwenye nyumba yeye anahesabu kalenda yake.

Tuchukue bei za mfano, halafu wewe uweke utakazotajiwa.

Hosteli inataka 45,000 kwa mwezi kwa kitanda, na inahesabu miezi 10 ya masomo, maji na umeme vikiwa humo humo. Hiyo ni 450,000 kwa mwaka.

Chumba cha mtaani ni 40,000 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni 480,000. Ongeza 40,000 ya dalali, umeme 7,000 na maji 3,000 kwa kila mwezi katika ile tisa uliyopo. Jumla inakuwa 610,000. Mkilala wawili, kila mmoja ni 305,000.

Nyumba ya vyumba vitatu Iwambi ni 180,000 kwa mwezi. Mkiwa watano, kila mmoja anatoa 36,000, na hapo ndipo kila mtu anaposema tumepata rahisi. Ipeleke mwaka mzima: 432,000 ya kodi, 36,000 fungu lako la dalali, umeme na maji tuseme 8,000 kwa miezi tisa ambayo ni 72,000. Sasa nauli. Daladala 600 kwenda na 600 kurudi, siku tano kwa wiki, wiki 34 za masomo: 204,000. Jumla 744,000. Ile iliyoanza kwa bei ndogo kuliko zote imekuwa ghali kuliko zote, na bado hamjanunua pazia la sebule.

Kuna jambo jingine katika hesabu hii linalomuumiza hasa anayesoma kwa mkopo. Fedha ya chakula na malazi kutoka Bodi ya Mikopo, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ni 10,000 kwa siku, inakuja kwa mafungu ya siku 60 hivi. Bumu moja, yaani fungu moja la mkopo, ni kama 600,000. Ukilipa kodi ya miezi sita na dalali kwa mkupuo, 280,000 imeondoka siku ya kwanza, na kilichobaki ndicho cha kula, kuchapisha kazi za darasani na kununua ndoo, kitanda na godoro. Hosteli hapa inakubeba, kwa sababu kitanda na godoro kwa kawaida unavikuta, na nyingi zinakubali ulipe muhula kwa muhula. Mwenye nyumba wa mtaani naye anaweza kukubali miezi mitatu mitatu ukienda na mzazi, au hata ukimpigia mzazi simu mbele yake wakaongea wenyewe. Nimeona hilo likifanya kazi mara nyingi kuliko kuomba kupunguziwa bei.

Ukuta, maji na baridi

Hapa ndipo Mbeya inapotofautiana na Dar au Dodoma, na hapa ndipo nitakapokaa kwa muda.

Jiji liko kwenye mwinuko wa kama mita 1,700, chini ya milima ya Loleza na Mbeya. Mvua zetu ni msimu mmoja mrefu, unaoanza Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati mwingine unaingia Mei. Nyumba nyingi ni za matofali ya kuchoma, na nyingi zimejengwa kwenye mteremko uliochongwa, ukuta wa nyuma ukiwa umegusana na kingo ya udongo. Tofali la kuchoma linanyonya maji kama sifongo. Kama fundi hakutandika karatasi ya kuzuia unyevu juu ya msingi, au kama udongo wa nje uko juu kuliko sakafu ya ndani, maji yanapanda ukutani polepole hadi Machi ukuta unakuwa baridi na laini.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anatafuta chumba Oktoba, mwisho wa kiangazi. Mwezi huo kila nyumba Mbeya ni kavu. Kasoro yoyote iliyokuwepo imekauka na imepakwa rangi. Ndiyo maana nasema mwezi unaotafuta una uzito kuliko mtaa unaotafuta.

Kama huna budi kutafuta wakati wa kiangazi, nenda mchana, tena mchana wa jua. Weka kiganja chini kabisa ya ukuta wa nyuma, sentimita chache kutoka sakafuni, ukiache hapo kwa muda. Ukiona unga mweupe kama chumvi umechanua juu ya plasta, hiyo ni alama ya maji yaliyopita na yatakayorudi. Tazama kona za chini kama rangi inafanana na ya juu. Tazama siling bodi kama ina duara la rangi ya chai. Kisha toka nje uzunguke nyumba: je, ukuta wa chumba hicho umeegemea udongo? Bati lina mfereji, au maji yanadondokea palepale kwenye msingi? Ukiona mstari wa matope yaliyorukia ukutani hadi usawa wa dirisha, umeshajibiwa.

Na uulize kwa adabu. Chumba nilichokaa miaka miwili ya mwisho nilikipata Aprili, mvua ikiwa inanyesha bado. Mama mwenye nyumba alinikuta nimeinama nagusa ukuta.

"Shikamoo mama. Samahani, naangalia kama panatoka unyevu."

"Marahaba mwanangu. Hapo ni pakavu, lakini kile cha pembeni usikichukue, kinavuja. Nimewaambia wanangu wakitengeneze kabla sijampangisha mtu."

Kwa jibu lile nilijua nimefika. Mtu anayekutajia kasoro ya chumba chake mwenyewe ni mtu wa kukaa naye.

Kwa hosteli, unyevu hautoki ardhini tu. Wanne mkilala chumba kimoja, mkaanika nguo ndani kwa kuwa nje kunanyesha, mkapika kwa kujificha na dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi, ukuta utaota ukungu hata kama jengo ni jipya. Omba kitanda cha ghorofa ya juu na uangalie kama kuna kamba za kuanikia zilizo chini ya paa. Ni kitu kidogo, lakini kuanzia Januari hadi Machi utakikumbuka kila unapofua jinzi.

Nyumba ya kuchangia ina nafasi na hewa, hilo silikatai. Shida yake ni kwamba bati likivuja hakuna wa kuliona mapema. Mwenye nyumba anaishi mbali, pengine mkoa mwingine, na ninyi mnasubiriana nani ampigie.

Kuhusu maji, usiulize "maji yapo?" Kila mtu atakuambia yapo. Uliza "maji yanatoka siku zipi, na saa ngapi?" tena muulize mpangaji, au jirani anayefua nje. Kuna mitaa ambayo bomba linatoka alfajiri na ikifika saa mbili limekatika, sasa kama una kipindi cha saa moja asubuhi utachota saa ngapi? Hosteli nyingi zina tangi juu. Nyumba ya familia yenye tangi au kisima uani inafaa kuliko yenye bomba peke yake. Kwenye nyumba yetu ya watano tulikuwa na bomba la ndani zuri na hatukuwa na tangi, na wiki ya mgao tulinunua madumu kwa bodaboda.

Halafu baridi. Juni na Julai usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, na huo ndio wakati wa mitihani ya muhula wa pili. Chumba chenye dirisha la upande wa mashariki kinapata jua la asubuhi, na tofauti yake na kile kisichoona jua kabisa unaihisi mwilini. Siling bodi nayo inasaidia sana, maana bati tupu linashusha baridi moja kwa moja kitandani.

Na hapa naomba unisikilize vizuri. Usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba ili kupata joto, hata kama makaa yameshakuwa mekundu na hayatoi moshi. Makaa yale yanatoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu na haionekani, na katika chumba kilichofungwa inaua watu wakiwa usingizini. Nyanda za juu kusini tunazisikia habari hizi msimu wa baridi. Nunua blanketi la pili. Kama chumba ulichokipata kina baridi kiasi cha kukufikirisha mkaa, hicho si chumba cha kukaa Julai.

Umeme, kwa ufupi

Hosteli: umeme umo kwenye bei, lakini hita ya kuchemshia maji na jiko la umeme mara nyingi vimekatazwa, kwa hiyo uliza maji ya moto ya kuoga yanapatikanaje. Mtaani: mnachangia LUKU moja, na ugomvi wote wa nyumba unaanzia hapo. Uliza kabla hujalipa mnagawana kwa kichwa, kwa chumba au kwa vyombo alivyonavyo mtu. Mwenye taa moja na simu hapaswi kuchanga sawa na mwenye friji. Chumba chenye mita yake ndogo ya kupimia ni amani kubwa. Nyumba ya kuchangia: LUKU ni yenu, mnajipimia wenyewe, na kwa hili peke yake inazishinda nyingine zote.

Njia ya kurudi usiku

Umbali usiupime kwa mita. Itembee njia yenyewe saa mbili usiku, kutoka maktaba hadi mlangoni. Dakika saba zangu za mwaka wa kwanza zilipita kwenye uchochoro kati ya mashamba ya mahindi. Oktoba yamevunwa kitambo, unaona hadi ng'ambo. Februari yamekuzidi kimo pande zote mbili, na mimi binti peke yangu na kompyuta mgongoni nilikuwa naondoka maktaba saa kumi na mbili ili niwahi mwanga. Masomo ya jioni yote niliyakosa kwa ajili ya njia ile.

Kwa anayekaa Iwambi au Nzovwe kuna barabara kuu ya kwenda Tunduma. Malori yanapita usiku na mchana, na sifa ya mteremko wa Iwambi kwa ajali kila mwenyeji anaijua. Angalia kituo unachoshukia kiko upande gani na unavukia wapi. Kama unasoma fani yenye maabara za jioni, weka pia nauli ya bajaji kwenye hesabu, si ya daladala tu. Katika jambo hili hosteli ya karibu na geti haina mpinzani, na kwa binti wa mwaka wa kwanza nadhani hilo pekee linatosha kuamua.

Watu utakaokaa nao

Hosteli inakupangia watu usiowajua. Unaweza kubahatika. Mimi nilipangiwa na dada wa mwaka wa tatu aliyenifundisha hesabu za umeme bila kunidai kitu, na chumba cha jirani kulikuwa na muziki hadi saa nane usiku wiki ya mitihani. Hosteli ikikukwaza, malalamiko una pa kuyapeleka.

Nyumba ya familia ina sheria zake: geti linafungwa saa nne, wageni wa kiume hawalali, uani kunafagiwa kwa zamu. Wenzangu wengine waliona ni kifungo. Lakini nilipougua malaria mwaka wa tatu ni mama mwenye nyumba aliyeniletea uji asubuhi na jioni kwa siku tatu, na mwanaye ndiye aliyenipakia kwenye bodaboda kwenda hospitali. Hilo sikulilipia. Kama umezoea kusalimia wakubwa, kufagia zamu yako bila kukumbushwa na kusema mapema kodi inapochelewa, utaishi vizuri mtaani kuliko popote.

Nyumba ya kuchangia inasimama juu ya marafiki, na hapo ndipo ubora wake na hatari yake. Tulianza watano. Muhula wa pili mmoja aliahirisha masomo, akarudi kwao. Kodi ya nyumba haikupungua. Kwa ile hesabu ya juu, mkibaki wanne kwa mwaka mzima kila mmoja anaongeza 108,000. Sisi tulilipa fungu lake la nusu mwaka, na urafiki wa wawili kati yetu uliishia hapo hapo. Mkitaka kuchukua nyumba, andikeni ninyi kwa ninyi, kabla ya kuandikishana na mwenye nyumba, kwamba anayeondoka analeta mtu wa kushika nafasi yake au anaacha kodi yake. Andikeni mkiwa bado mnacheka pamoja.

Dalali, miguu au kurithi

Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine wanadai hela ya kukutembeza hata usipopata. Faida yake ni haraka, hasa kama umefika jana na mabegi yako kituoni. Lakini yeye analipwa chumba kikipata mtu, na hatakuwepo Machi. Usitume hela yoyote kwa simu kabla hujaingia chumbani kwa miguu yako, hata ukitumiwa picha kumi. Na mlipe dalali baada ya kuonana na mwenye nyumba ana kwa ana, siyo kabla.

Kutembea mwenyewe kunachosha, ila unajifunza mtaa. Waulize mama wa genge, fundi cherehani, kijana wa duka la Mangi. Hao wanajua nyumba gani wapangaji hawadumu. Nyumba ambayo kila muhula ina sura mpya ina jambo.

Kurithi ndiyo njia niipendayo kuliko zote. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayehama Julai anakijua chumba kwa misimu yote, hana sababu ya kukudanganya, na pengine anakuachia kitanda na meza kwa bei ya kutupa. Dalali hayupo. Anza kuulizia Machi na Aprili, darasani, kanisani, msikitini, kwenye kikundi cha watu wa mkoa wenu. Nenda ukakione siku ya mvua, yeye mwenyewe akiwa bado anaishi humo. Inua godoro lake, hatakasirika.

Kwa njia yoyote utakayotumia, hakikisha anayekupangisha ndiye mwenye nyumba. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa atakuambia kwa dakika mbili, na utakuwa umejitambulisha kwake, jambo ambalo mpangaji mgeni anatakiwa kulifanya hata hivyo. Mkataba uwe wa maandishi: kiasi, miezi, nani anatengeneza kinachoharibika, notisi ni ya muda gani, na kodi iliyobaki inakuwaje chumba kikishindwa kukalika. Hicho kipengele cha mwisho ndicho kilichokosekana kwenye karatasi yangu ya mwaka wa kwanza. Ukilipa kwa simu, jina litakalotokea kabla hujathibitisha liwe ndilo lililo kwenye mkataba, na ujumbe wa malipo usiufute.

Kwa wa Iringa

Mdogo wangu alisoma chuo cha Mkwawa, na mengi ya hapa yalimfaa. Tofauti aliyoniambia ni vilima. Mji wa Iringa uko juu, Ipogolo iko chini kwenye barabara kuu, na anayepanga bondeni kwa kufuata unafuu anaupanda mlima ule kila siku au anaulipia. Wanafunzi wa vyuo vya pale wanakutana wengi Kihesa na mitaa ya jirani, kwa hiyo vyumba vinawahiwa mapema kuliko huku kwetu na kurithi kunafaa zaidi. Upepo wa kule nao ni mkavu na mkali. Kagua fremu za madirisha kabla ya ukuta.

Ningechagua nini

Mwaka wa kwanza, chukua hosteli, hata kama kitanda kinabana. Lipa muhula mmoja kama wanakubali. Katika miezi hiyo utakuwa umezijua njia, umewajua watu, na mvua itakuonyesha mitaa bila mtu kukudanganya. Aprili tafuta chumba cha kurithi, mkubaliane na mwenye nyumba kodi ianze utakaporudi Oktoba, au umpe kiasi kidogo cha kukishikilia, nacho kiandikwe.

Mwaka wa pili na kuendelea, chumba cha mtaani cha wawili ndicho chaguo langu kwa mwenye kipato kidogo, na cha peke yako kwa anayeandika mradi wa mwaka wa mwisho. Kama afya yako haitaki baridi, una pumu au kifua kinakusumbua, usiangalie bei kwanza. Angalia ghorofa, jua la asubuhi na ukuta mkavu, na kinachozidi hapo omba nyumbani wakusaidie.

Nyumba ya kuchangia nawashauri wale tu walioishi pamoja angalau muhula mmoja, wenye chombo cha usafiri kati yao au ratiba zinazofanana, na ambao hakuna hata mmoja anayesitasita kusema "sina hela mwezi huu". Sisi tulikuwa na tabasamu nyingi na hatukuwa na hata kimoja cha hivyo.

Chumba changu cha mwisho nilimwachia binti wa mwaka wa kwanza kutoka Kyela. Alikuja Aprili na mama yake mzazi, mvua inapiga bati hadi tukawa tunapaza sauti. Mama yule hakuuliza bei. Alivua kiatu, akakanyaga sakafu ya kona kwa mguu mtupu, akatulia kidogo, kisha akamwambia mwanaye alete mwavuli wakamsalimie mwenye nyumba.